Waliofutiwa Unyayo

Hapo zamani za kale, bibi wa bibi yangu akiwa bado hajaota meno, wanyama wa Bonde la Malumba walikuwa na bwawa moja tu la maji, na bwawa lenyewe dogo. Wakati wa masika kila mtu alikunywa alipotaka. Lakini kiangazi kikiingia, wee! Maji yalishuka mpaka chini ya magoti ya swala, na hapo ndipo alipohitajika Mshika Zamu.

Mshika Zamu ndiye aliyepanga nani anywe asubuhi maji yakiwa safi, na nani anywe jioni maji yakiwa tope. Mtasema ni kazi ndogo. Si ndogo hata kidogo. Muulizeni Bi Nguchiro.

Bi Nguchiro alikuwa mnyama mwembamba, mwenye mkia wa manyoya mengi na macho yasiyotulia. Aliishi ndani ya kichuguu kilichohamwa na mchwa, yeye na mumewe na watoto wanne. Kwa miaka mitatu Mshika Zamu alikuwa Bwana Nyati, na miaka yote hiyo zamu ya nyumba ya Nguchiro ilikuwa ya mwisho kabisa. Walianza nyati, wakaja fisi, kisha ngiri wakagaagaa mumo humo, ndipo wao wakaitwa. Kiangazi kilichopita kitindamimba wake aliharisha siku sita kwa ajili ya tope lile. Alipona, lakini alibaki amekonda, na kila mama yake alipomtazama moyo ulimuuma.

Sasa, Mshika Zamu hakujiweka mwenyewe. Alichaguliwa kila mwaka kwa kura ya nyayo.

Kando ya bwawa palikuwa na udongo laini. Siku ya kura waliusawazisha kwa matawi, wakatenga kanda mbili nyembamba, kila mgombea na ukanda wake. Kila mwenye zamu alifika, akakanyaga mara moja tu kwa mguu wa kulia katika ukanda wa amtakaye, akaruka upande wa pili, akaenda zake. Walipokwisha wote, aliingia Msoma Nyayo, peke yake, akazisoma na kuzihesabu. Wengine walisimama mbali, nyuma ya ua wa miiba, wasije wakazikanyaga kura. Ndivyo walivyozoea.

Na Msoma Nyayo alikuwa nani? Alikuwa ni yuleyule Bi Nguchiro, kwa sababu ya macho yake makali.

Mwaka huo waligombea wawili, Bwana Nyati mwenyewe na Bi Kongoni. Bi Kongoni hakuwa na maneno mengi. Alisimama juu ya kichuguu akasema, "Mkinichagua, wenye watoto wadogo watakunywa asubuhi," akashuka. Bwana Nyati yeye alihutubia tangu jua linachomoza mpaka mate yakamkauka.

"Nani asiyejua kazi yangu?" alinguruma. "Bonde hili lina wenye zamu mia moja na kumi na tano! Nimewahesabu mwenyewe, kichwa kwa kichwa! Nani mwingine anawajua hivyo?"

"Hakunaaa!" wakaitikia Fisi, Ngiri na Tumbili, watu wake.

Wanyama wakapiga kura, chapu, chapu, chapu, mguu baada ya mguu. Bi Nguchiro akaingia ndani ya ua. Akasoma polepole, akarudia, akarudia tena. Na alisoma kweli, watoto. Nawaambia mapema ili msihangaike kumshuku. Akatoka, akatangaza:

"Bwana Nyati, nyayo hamsini na nne. Bi Kongoni, nyayo sitini na moja. Mshika Zamu ni Bi Kongoni!"

Kabla vigelegele havijaisha, wingu likatokea, wingu ambalo hakuna aliyelitazamia kiangazi kile. Ngu-ngu-ngu! Shaaa! Mvua ya dakika chache tu, ikakoma. Lakini pale kwenye kanda mbili hapakuwa na unyayo hata mmoja. Udongo ulikuwa umelainika kama uji.

Bwana Nyati aliutazama udongo ule kwa muda mrefu. Kisha akainua kichwa.

"Mbuuu! Nimeibiwa!"

Akapiga kwato chini.

"Nimeibiwa kura! Bi Nguchiro kazifuta nyayo zangu kwa mkia wake! Tazameni mkia ule, si ufagio ule?"

Wote wakageuka wakautazama mkia wa Bi Nguchiro. Bi Nguchiro mwenyewe akautazama. Ulikuwa na matope kwenye ncha, maana hakuna mwenye mkia mrefu anayeweza kutembea kwenye udongo wa bwawa akatoka safi.

"Ebo!" akasema Bi Nguchiro. "Bwana Nyati, umeniona nikifuta?"

"Sikuhitaji kuona! Mimi nishindwe na Kongoni? Kongoni huyu huyu? Haiwezekani. Kwa hiyo umefuta."

"Umefuta!" akasema Fisi.

"Nilisikia ufagio," akasema Ngiri. "Fya, fya, fya. Niliusikia kwa masikio haya."

"Kesho jua likiwa utosini, baraza hapahapa, na mtu asinywe kabla yake," akaamuru Bwana Nyati. "Mpaka jambo hili liishe, Mshika Zamu ni mimi. Na Msoma Nyayo akionekana mwizi, sheria mnaijua. Yeye na watoto wake watoke bondeni, wasionje tena maji ya Malumba."

Bi Nguchiro akarudi nyumbani. Na njiani, jambo lililomchoma zaidi halikuwa kelele za Nyati. Alimpita Digidigi, jirani yake wa miaka mingi, akamwamkia. Digidigi akaitikia, lakini macho yake yalikwenda kwenye mkia.

"Na wewe, jirani?" akauliza Bi Nguchiro.

"Mimi sijasema kitu, mama," akajibu Digidigi. "Ila watu wanasema. Na sisi tulikuwa nyuma ya ua. Tungeonaje?"

Jioni ile mumewe alianza kukunja mikeka.

"Unafanya nini, Baba Watoto?"

"Nafunga mizigo. Nyati ana pembe, sisi tuna nini? Tuondoke kwa hiari kabla hatujafukuzwa."

"Twende wapi? Bwawa jingine liko siku tatu. Huyu mdogo atafika?"

Mumewe akamtazama mtoto. Akauacha mkeka.

"Nipe nafasi nifikiri," akasema Bi Nguchiro. "Nikisema sikufuta, nitaonyesha nini? Mvua imekwisha kunywa ushahidi wote. Nikibishana, itakuwa neno langu na neno lake, na neno lake lina kilo mia saba." Akacheka peke yake. "Basi sitabishana. Nitamkubalia."

"Umerogwa?" akasema mumewe.

"Lala, Baba Watoto."

Kesho yake jua lilipofika utosini, baraza lilikuwa limejaa. Bwana Nyati alisimama mbele, kifua nje. Bi Kongoni alisimama pembeni, hana la kusema, maana hata yeye hakujua kama alishinda au alipewa.

"Msoma Nyayo!" akanguruma Nyati. "Jitetee!"

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema Bi Nguchiro, akainama mpaka pua ikagusa vumbi. "Sina la kujitetea. Nimewaza usiku kucha. Mtu mzima kama wewe hawezi kusema uongo mbele ya bonde zima. Ukisema nyayo zako zilifutwa, basi zilifutwa."

"Haa!" wakashangaa wanyama. Mumewe akafunika uso kwa mikono.

Bwana Nyati alifumba na kufumbua macho. Alikuwa amejiandaa kwa ubishi tu, sasa ubishi haupo. "Ee... naam. Zilifutwa. Vizuri umekiri."

"Sijasema nimezifuta mimi, bwana. Nimesema zilifutwa. Lakini tuache hayo, kuna jambo linaniuma zaidi. Hawa maskini waliofutiwa! Mtu kaamka asubuhi, kaja kwa miguu yake, kakanyaga, halafu unyayo wake unafutwa kana kwamba hajazaliwa. Hawastahili japo pole?"

"Wanastahili!" akasema Nyati. "Wanastahili kabisa!"

"Basi kwa kuwa wewe bado ndiye Mshika Zamu, naomba amri yako. Kila aliyefutiwa unyayo ajitokeze, apange mstari hapa mbele. Na leo awe wa kwanza kunywa, maji yakiwa bado hayajatibuliwa, anywe mpaka atosheke."

Bwana Nyati akatabasamu. Akawaza hivi: wakijitokeza kumi tu, nimeshinda. Wakijitokeza ishirini, hakuna tena wa kufungua mdomo.

"Amri imetoka!" akapaza sauti. "Kila aliyefutiwa aje! Na wahesabiwe!"

"Ahesabu Tumbili," akasema Bi Nguchiro haraka. "Asihesabu mtu wangu. Tumbili ni mtu wako, bwana, hakuna atakayesema amependelea upande wangu."

Tumbili akafurahi kupewa cheo. Akaokota kokoto, akaketi. Kila anayepita, kokoto moja, ko!

Wa kwanza alikuwa Fisi. "Nimefutiwa!" Ko!

Ngiri akafuata. "Na mimi! Na mke wangu! Na watoto wangu sita!" Ko, ko, ko, ko, ko, ko, ko, ko!

Wakaja nyati wote, ukoo mzima. Wakaja nyani. Harufu ya maji safi ilikuwa inakuja na upepo, na kiu ni kiu, watoto. Digidigi akasimama, akakaa, akasimama tena. Alikuwa amekanyaga kwa Kongoni, alijua mwenyewe. Lakini alitazama mstari, akatazama bwawa, akasogea polepole mpaka akajikuta mstarini. "Nadhani hata mimi nilifutiwa," akasema kwa sauti ndogo, macho chini. Ko!

Bi Nguchiro alimwona, akageuza macho.

Fisi akanywa kidogo, akazunguka nyuma ya kichaka, akarudi mstarini.

"Wewe si umekwisha pita?" akauliza Tumbili.

"Ile ilikuwa yangu. Hii ni ya marehemu mjomba. Naye alifutiwa."

"Mjomba wako si alifariki mwaka juzi?"

"Ndiyo. Alifariki kwa uchungu wa kufutiwa unyayo!"

Tumbili akakuna kichwa. Akamtazama Nyati. Nyati akamnong'oneza, "Hesabu, hesabu, bora wazidi." Ko!

Mstari ukarefuka. Wengine walipita mara mbili, wengine mara tatu, kila mmoja na shangazi yake na babu yake. Kokoto zikawa rundo. Bwana Nyati alikuwa akitembea huku na huku, kwato zinagonga ardhi kwa furaha.

"Mnaona? Mnaona wizi huu? Mbuuu! Mnaona?"

Halafu nyasi zikatikisika, ssss, ssss. Akatoka Chatu. Taratibu, tumbo chini, akajipanga mwisho wa mstari. Zamu yake ilipofika akainua kichwa.

"Na mimi," akasema. "Wamenifutia unyayo wangu."

Tumbili alikuwa amechoka, hata hakuinua macho. Ko!

Kisha nyuma kabisa, mtoto wa Kanga akauliza kwa sauti kubwa, kama mnavyouliza nyinyi:

"Mama, Chatu ana unyayo gani?"

Wee! Ilianza kwa Kanga, kwe-kwe-kwe-kwe! Akadakia Pundamilia, akadakia Kongoni asiyecheka ovyo, baraza zima likaangua kicheko, na hata ndama wa Nyati akaanguka chini akishika mbavu. Chatu alijitazama kuanzia kichwani mpaka mkiani, kana kwamba huenda mguu upo mahali amesahau. Hakuuona. Akarudi majanini bila kuaga.

Bi Nguchiro akangoja kicheko kipungue. Akaja mbele.

"Bwana Tumbili, kokoto ngapi?"

Tumbili akahesabu, midomo ikitetemeka. "Themanini na saba."

"Asante. Jamani, jana nilisoma nyayo hamsini na nne za Bwana Nyati. Hizo hakuna aliyezikataa. Sasa leo wamejitokeza themanini na saba waliofutiwa. Ukiweka pamoja, Bwana Nyati ana kura mia moja na arobaini na moja. Peke yake! Bi Kongoni bado hatujamhesabia hata moja." Akamgeukia Nyati, akainama tena. "Bwana Mkubwa, nikumbushe. Bonde hili lina wenye zamu wangapi? Ulisema umewahesabu mwenyewe, kichwa kwa kichwa."

Bwana Nyati akafungua mdomo. Akaufunga.

"Mia moja na kumi na tano!" wakajibu wanyama kwa niaba yake.

"Basi hao ishirini na sita wa ziada wametoka wapi, bwana? Ni wajomba wa Fisi wote?"

Kicheko tena. Ngiri akaanza kurudi nyuma kwa matako. Fisi akakumbuka ana shughuli nyumbani. Bwana Nyati alihema, fuu, fuu, masikio yamelala.

"Mimi nilisema... ninyi mmenichanganya!" akafoka, hata hajui asemalo. "Labda hazikufutwa nyingi hivyo. Labda chache. Labda... nilidhani tu."

"Alidhani tu!" wakapiga kelele wanyama. "Alidhani tu!"

Bi Nguchiro akapumua. Akamtafuta mumewe kwa macho, akamwona amesimama wima, anapunga mkeka juu. Alitaka kwenda kwao, wachukue watoto, waende bwawani, basi.

Lakini Bi Kanga akainua bawa.

"Nina swali, dada. Usinikasirikie."

"Uliza, mama."

"Nyati kasema uongo, tumeona. Tumecheka, mbavu zinauma. Lakini uongo wa Nyati hautuambii kama wewe ulisema kweli. Ulisoma peke yako. Wanao walikunywa tope miaka mitatu, na kila mtu anajua humpendi Nyati. Sisi tulikuwa nyuma ya ua. Tutajuaje?"

Kicheko kikakatika. Bi Nguchiro alihisi machozi yanamlenga. Alisoma mara tatu! Mara tatu, polepole, mpaka macho yakamwuma! Akataka kupiga kelele, akataka kuapa kwa watoto wake. Kisha akamwona Digidigi, ameketi kando, kichwa chini, maji bado yanamdondoka kidevuni. Hata jirani mwema alikuwa amejikuta mstarini siku ile, kwa kiu tu.

Na yeye je, alikuwa na kiu ya nini jana, akiwa ndani ya ua peke yake? Alijua jibu.

"Hamwezi kujua," akasema mwishowe. "Ningekuwa nyuma ya ua, nisingejua hata mimi. Nilisoma kweli, mama, lakini hamna njia ya kujua."

Akaenda mpaka kwenye ua wa miiba. Akauma tawi la kwanza, akalivuta. Krak! Akavuta la pili. Bi Kanga akaja akamsaidia. Akaja Pundamilia, akaja Digidigi, akavuta kuliko wote. Muda si muda ua ukawa rundo la kuni.

"Turudie," akasema Bi Nguchiro. "Leo hii, jua likiwa bado juu. Kila mtu asimame karibu, aone. Na wasomaji wawe wawili. Tumbili asomee Bwana Nyati, Bi Kanga asomee Bi Kongoni. Mimi nitapiga kura yangu nikae."

Wakasawazisha udongo upya. Safari hii kila unyayo ulisomwa palepale, kwa sauti, wenyewe wakiitikia.

"Wa nani?"

"Wa Pundamilia!"

"Kwa nani?"

"Kwa Kongoni!"

Chapu. Chapu. Chapu. Digidigi akaja, akakanyaga kwa Kongoni, akamtazama Bi Nguchiro usoni kwa mara ya kwanza tangu jana. Karibu na mwisho akaja mke wa Bwana Nyati, mzito, taratibu. Akasimama katikati ya kanda mbili, akageuka kushoto, chapu, ukanda wa Kongoni.

"Mama Ndama!" akashtuka Nyati. "Umepotea njia!"

"Sijapotea," akajibu mkewe, akaenda zake.

Tumbili na Bi Kanga wakatangaza pamoja. Bwana Nyati, nyayo hamsini na moja. Bi Kongoni, nyayo sitini na nne. Jumla mia moja na kumi na tano, kichwa kwa kichwa, kama Bwana Nyati mwenyewe alivyowahesabu.

Bwana Nyati akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta wa kumlaumu. Kila aliyemtazama alikuwa ameona kila unyayo. Akashusha kichwa, akasema, "Mmm," akaenda kuketi na ukoo wake.

Asubuhi iliyofuata Bi Kongoni aliita zamu ya kwanza: wenye watoto wadogo. Kitindamimba wa Bi Nguchiro akafika ukingoni, akainama, akasita. Hakuwa amewahi kuona uso wake ndani ya maji.

"Mama, nani huyu?"

"Ni wewe," akasema Bi Nguchiro. "Kunywa."

Hadithi yangu inaishia hapo ukingoni, na funzo lake ni hili: kura ihesabiwe mbele ya macho ya wote, maana iliyohesabiwa mafichoni, hata ikiwa ya kweli, humpa mwongo mahali pa kusimama.